Kueleza na kuelewa, au kwa nini mtu wa PCB na mtu wa HKL hawasikilizani

Hapa Bongo ukimaliza kidato cha nne kila mjomba anakuuliza unaenda kombi gani, yaani masomo yapi matatu ya kidato cha tano na sita. Ukisema PCB (fizikia, kemia, baiolojia) wanakuita dokta hapo hapo, ukisema HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) wanakwambia "aah, ualimu nao sio mbaya". Kuanzia siku hiyo umeshawekwa kapu lako na kapu la pili hulichungulii tena mpaka uzeeni.

Sio sisi tu lakini. Kuna Mwingereza anaitwa C. P. Snow, alisomea sayansi afu akawa mwandishi wa riwaya, mwaka 1959 alitoa mhadhara Cambridge akaliita jambo hili "tamaduni mbili". Akasema alishawauliza wasomi wa fasihi nani anaijua kanuni ya pili ya thamodainamiki, wote kimya, na kwa mwanasayansi swali hilo ni sawa na kumuuliza mtu wa fasihi kama ameshawahi kusoma chochote cha Shakespeare. (Kanuni yenyewe ndo ile inayofanya chai ya mama ntilie ipoe na isijipashe yenyewe hata uisubiri mpaka magharibi.)

Ila mi naona dhana inayosaidia zaidi ni ya zamani kidogo, ya mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 19, Wilhelm Dilthey. Yeye alisema maumbile tunayaeleza, maisha ya ndani ya mtu tunayaelewa. Na Kiswahili kimetuwekea hayo maneno mawili tayari, yote yametoka kwenye kuelea, yaani jambo kukaa wazi kichwani. Kueleza ni kuliweka jambo wazi mbele za watu, lipimwe, na mwingine akirudia kipimo apate jibu lile lile, hiyo ndo kazi ya sayansi. Kuelewa ni jambo likuingie wewe mpaka ujue ukikaa alipokaa yule mwenzio dunia inaonekanaje, na hiyo ni kazi ya historia, fasihi, ushairi, anthropolojia, hiyo familia yote ndo naiita sanaa, simaanishi picha za tingatinga tu.

Chukua degedege. Mtoto ana homa kali, ghafla macho yanageuka yanabaki meupe, mwili unakakamaa, mikono inarusharusha. Sayansi inakueleza vizuri kabisa: mbu jike wa Anopheles kaleta kimelea kinaitwa Plasmodium falciparum, kimeingia kwenye chembe nyekundu za damu, chembe zinaanza kunata kwenye kuta za vimishipa vidogo vya ubongo, damu haipiti sawasawa, hiyo ndo malaria iliyopanda kichwani. Na homa kali ya ugonjwa mwingine nayo inaweza kumtia mtoto degedege bila malaria.

Haya, kwa maelezo yote hayo, kwa nini mama anaanza kwa mganga na hospitali iko pale?

Miaka ya 1990 kuna watafiti walikaa Bagamoyo wakawasikiliza wazazi, wakakuta kwa wengi malaria na degedege ni magonjwa mawili, hayahusiani kabisa. Malaria ni homa ya kawaida, ni ya hospitali. Degedege ni la dege, shetani anayempitia mtoto, hilo ni la mganga, na mtoto akichomwa sindano kabla hajatibiwa kienyeji anakufa. Na ushahidi watu waliuona kwa macho, maana mtoto anayefikishwa hospitali kachelewa anachomwa sindano na kweli anafariki, sasa we ungesemaje? Afu piga picha bango la chandarua mbele ya mtu kama huyo. Chandarua kinazuia mbu, dege linapita juu yake! Hiyo darubini haikuonyeshi hata uikodolee macho mwaka mzima, ni mpaka ukae mkekani usikilize.

Sisemi kila kitu ni sawa sawa. Kimelea hakijali unaamini nini, na shairi halishushi homa. Ronald Ross mwenyewe, aliyeona mwaka 1897 huko India vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, alikuwa mshairi na akaitungia shairi siku hiyo, lakini mbu alimpasua kwanza.

Mara nyingine kusoma kwenyewe ndo kunafungua maabara. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alihangaika kutafuta dawa ya malaria kwenye mmea unaoitwa qinghai, dawa haitulii, leo inafanya kazi kesho haifanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, mle imeandikwa loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna neno la kuchemsha. Akajiuliza au moto ndo unaua dawa, akaikamua kwa joto dogo akitumia kimiminika cha etha, mwaka 1971 ikakubali. Mwaka 2015 akapewa Nobel, na dawa mseto za malaria tunazomeza leo zina dawa iliyotokana na mmea ule.

Mi hili lilinikolea Temeke, nyumba ya kupanga, usiku wa saa nane. Mtoto wa chumba cha pili kakakamaa, bibi yake kamfunika kaniki, ubani unafuka chumba kizima, anasema sindano hapana. Binamu yangu anasomea udaktari, akaanza somo la vimelea na kuta za mishipa, sahihi kabisa lote, na bibi akazidi kumkumbatia mjukuu. Kulikuwa na nesi mstaafu anakaa nyumba ya nyuma, akaja na khanga moja kiunoni, akapiga magoti, "Shikamoo mama. Umeshamfukiza?" Bibi akasema ndio. "Basi dege limeshatoka, imebaki homa yake, na homa ni ya hospitali, twende wote ukasome dua njiani." Bibi akainuka akatafuta viatu.

Kwenye bajaji binamu yangu akaninong'oneza kwamba yule nesi kadanganya. Tumebishana hilo mpaka leo, na yule mtoto sasa hivi yuko darasa la tano.