Fenolojia siyo utabiri wa mvua jamani

Wiki hii ni mara ya tatu hapa Tabora nasikia mtu anasema "wale vijana wa fenolojia wanatabiri mvua". Hapana bwana. Fenolojia ni kufuatilia tarehe za mambo ambayo mimea na wanyama wanayarudia kila mwaka, mti umechanua lini, majani yamechipua lini, kumbikumbi wametoka lini, halafu unalinganisha mwaka na mwaka. Basi, imeisha hiyo.

Neno lenyewe limetoka Kigiriki, phaino, yaani kuonekana, kujitokeza. Mbelgiji mmoja wa mambo ya mimea, Charles Morren, ndo alilianzisha 1849. Kwahiyo ndani ya jina hamna mvua wala ubashiri, kuna kitu ambacho kimeshaonekana kwa macho. Na msichanganye na frenolojia, ile yenye r, ya kupapasa fuvu la mtu eti ujue tabia yake, hiyo ilishatupwa kitambo (niliikuta kwenye tangazo la semina ya miti, nikacheka peke yangu kwenye bajaji).

Najua mkanganyiko unatoka wapi. Mti wa mtundu unatoa majani mekundu Septemba, Oktoba, ardhi imekauka kau, mninga nao umejaa maua ya njano, wazee wakiona hivyo wanasema mvua haiko mbali. Sawa, huo ni ujuzi na siudharau hata kidogo, wafuga nyuki wa Sikonge huko wanaujua kuliko mimi. Ila mzee anausoma mti ajue ya mbele, huyu kijana wa fenolojia, anayejitolea tu, anaandika ya leo tu. Akirudi kwenye mtundu wake uleule akakuta hamna ua hata moja anaandika "bado", na hiyo "bado" ina kazi kubwa, maana bila hiyo utajuaje ua la leo limetoka juzi au lina wiki mbili? Robert Marsham kule Uingereza alianza hivyohivyo 1736, miti, ndege, vyura, familia yake ikaendeleza mpaka 1958, na leo ndo watu wanapima humo majira yamesogea kiasi gani. Hakumtabiria mtu chochote.

Kwahiyo ukimkuta dada wa watu kasimama chini ya mwembe na daftari, usimuulize mvua inanyesha lini, hiyo kawaulize TMA, watu wa hali ya hewa. Muulize mwembe umeanza maua lini, atakujibu mpaka tarehe.