Diski ya nje imesafishwa kwa diskpart: usiandike chochote juu yake

Diski ya nje ikishapitishiwa amri ya clean katika diskpart (zana ya Windows ya kugawa na kusafisha diski kwa amri), Windows huionyesha kama diski tupu ambayo haijagawanywa. Mara nyingi mafaili bado yamo. Amri hiyo huandika sifuri kwenye megabaiti 1 hivi ya mwanzo na nyingine ya mwisho, mahali linapokaa jedwali linaloonyesha kila sehemu ya diski inaanzia na kuishia wapi. Picha na nyaraka za katikati haziguswi. Tena, tangu Vista, Windows kwa kawaida huanzisha sehemu ya kwanza kwenye sekta (kipande kidogo cha diski) ya 2048, yaani baada tu ya megabaiti hiyo 1, hivyo hata orodha ya mafaili huwa imesalimika.

Amri ya clean all ni msiba mwingine. Hiyo huandika sifuri kwenye kila sekta, na ikikamilika hakuna fundi wala programu ya kurudisha kitu. Lakini hufanya kazi kwa saa nyingi. Ukigundua kosa mapema, isimamishe mara moja: sekta ambazo haijazifikia bado zina data.

Hasara kubwa huja baadaye, pale mtu anapokubali kila anachoulizwa na Windows. Kataa kufomati. Usiendeshe chkdsk (zana ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), usinakili chochote humo, wala usisakinishe programu ya uokoaji kwenye diski hiyohiyo.

Kwanza toa nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu ya haraka, nasi tunaiona kuwa ya lazima, maana ukikosea kwenye nakala diski yenyewe inabaki salama. Kwenye Linux, tambua jina la diski kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kisha, kama ni sdb, tumia programu ya kunakili ddrescue kwa kuandika:

ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Chanzo (/dev/sdb) hutangulia jina la nakala; ukivigeuza, unaandika juu ya data unayoitafuta. Nakala iende kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, isiyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, kwa kuwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Diski ya TB 2 ikisomwa kwa MB 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 5 na nusu. Kwa USB 2.0, inayosoma MB 30 hivi, ni zaidi ya saa 18. Umeme ukikatika, rudia amri ileile: faili la map hukumbuka ulipofika.

Sasa fungua nakala kwa TestDisk, programu ya bure: testdisk nakala.img. Jedwali la sehemu za diski huwa la aina ya MBR, ya zamani, au GPT, mpya zaidi: chagua Intel kwa diski za MBR au EFI GPT kwa zile za GPT (zinazozidi TB 2 mara nyingi ni GPT), kisha Analyse na Quick Search. Ikiipata sehemu iliyopotea, bonyeza P. Ukiona majina ya mafaili yako, bonyeza a kuyachagua yote, halafu C kuyanakili kwenye diski nyingine. Isipopatikana, endelea na Deeper Search. Usiguse Write kabla mafaili hayajatoka salama.

PhotoRec, programu nyingine ya uokoaji, iwe ya mwisho. Hutambua faili kwa alama za ndani yake, kwa hiyo majina na folda hupotea, na video ndefu zilizotawanyika vipandevipande hutoka zimeharibika. Hatuoni sababu ya kulipia programu nyingine kabla ya kuzijaribu hizi mbili.

Kwa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) matumaini ni madogo zaidi: amri ya TRIM, inayoiambia diski ni nafasi zipi hazitumiki tena, ikishapita, kifaa chenyewe hufuta vilivyoachwa.

Diski ikigonga au kukwaruza ndani, ichomoe. Kila dakika ya kuzunguka huongeza uharibifu, na hiyo ni kazi ya maabara. Usiitoe kwenye kasha lake ovyo. Baadhi ya My Passport za Western Digital husimba data kupitia saketi ya USB, na bila saketi hiyo hutasoma kitu.