Mashine ya kukausha hewa na bili ya umeme: yanayosemwa na ukweli wake

Baridi ikianza Uingereza, malalamiko katika nyumba za Waswahili wa huko ni yaleyale: vioo vya madirisha vinachuruzika maji asubuhi, makoti yananuka uvundo, na ukisogeza kabati unakuta ukuta umeota madoa meusi ya ukungu. Mmoja atakushauri ununue mashine ya kukausha hewa. Kabla hajamaliza, mwingine atadakia kwamba bili itakutoa roho. Tupige hesabu basi.

"Inakula umeme kama hita"

Hii ndiyo iliyoshika mizizi kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Hita ya kawaida ya kuchomeka ukutani ina wati 2,000. Mashine ya kompresa ya nyumbani, inayopoza hewa kwa mabomba ya baridi mpaka maji yatone, ile inayoitwa ya lita 12 (za maji kwa siku), hutumia wati 200 hivi. Kwa bei za mwaka 2025, yuniti moja ya umeme, yaani wati 1,000 kwa saa moja, ilikuwa karibu peni 26. Mashine ikiwaka saa nane mfululizo inakula yuniti 1.6, yaani kama peni 42. Hita inamaliza peni 52 ndani ya saa moja tu.

Isitoshe, umeme huo haupotei. Wote unageuka joto na kubaki chumbani, na kila lita ya maji inayonaswa inaachia joto lingine la karibu yuniti 0.7. Ndiyo maana chumba chenye mashine huhisi uvuguvugu. Lakini usije ukazima boila kwa sababu hiyo: joto la gesi bado ni rahisi zaidi.

Kuna aina moja inayostahili tahadhari. Mashine zisizo na kompresa, zinazonyonya unyevu kwa kemikali na kuikausha kwa joto, zinaweza kufika wati 600 na zaidi. Hizo zina mahali pake, kwenye gereji au chumba kisichopashwa moto, kwa sababu chini ya nyuzi 15 hivi mabomba ya ndani ya mashine ya kompresa huanza kuganda barafu, nayo inabaki kuyeyusha barafu badala ya kukausha hewa. Kwenye sebule yenye joto, aina hiyo ni kujiongezea bili bure.

"Imeandikwa lita 12, mbona hainipi lita 12? Ni mbovu"

Si mbovu. Namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Hiyo ni hali ya Dar es Salaam mwezi Machi, si ya chumba cha kulala cha Leicester mwezi Januari. Kwenye nyuzi 18 usitarajie hata nusu yake. Ukitaka kulinganisha mashine mbili dukani, achana na lita peke yake, uliza inatoa lita ngapi kwa yuniti moja.

"Iache iwake tu, haina shida"

Inategemea umeiweka isimame kwenye unyevu wa asilimia ngapi. Ukiiweka 55, ikifika hapo kompresa inapumzika yenyewe. Ukiiweka 40 kwa tamaa ya kukausha upesi, kwenye nyumba yenye watu watano na jiko linalochemka haitafika kamwe, itawaka saa 24 na kumaliza zaidi ya pauni moja kila siku. Ukungu hauhitaji nyumba iwe kavu kama jangwa ili ufe njaa. Chini ya 60 panatosha.

"Vile vikopo vya dukani vyenye chumvi ya kunyonya unyevu ni rahisi zaidi"

Kununua, ndiyo. Lakini kikopo kimoja kinakusanya kama nusu lita kwa wiki kadhaa, kisha unanunua kingine. Familia ya watu wanne inatia lita 10 hivi hewani kila siku kwa kupumua, kupika na kuoga. Kiweke ndani ya kabati la nguo, usikitegemee sebuleni.

"Kufungua dirisha ni kuingiza unyevu"

Aliyekulia Mombasa au Unguja ana haki ya kufikiri hivyo, maana kule hewa ya nje ina zaidi ya gramu 20 za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya Januari ya Uingereza, yenye nyuzi 5, hata mvua ikinyesha ina kama gramu 6 tu. Ikiingia ndani na kupata joto la nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi asilimia 35 hivi. Dakika kumi za dirisha wazi baada ya kupika au kuoga zinafanya kazi nyingi, ila zima mashine kwanza. Kuiwasha huku dirisha likiwa wazi ni kukausha mtaa mzima.

Na nguo! Mzigo mmoja wa nguo zilizofuliwa, kanga na madera na jinzi za watoto, ukianikwa juu ya redieta unaachia kama lita mbili za maji ndani ya nyumba. Zianike kwenye chumba kidogo, funga mlango, washa mashine ya kukausha hewa kwa muda wa saa sita: peni 31 hivi. Dramu ya kukaushia nguo ya mtindo wa zamani inakula yuniti nne au tano kwa mzigo mmoja.

"Ukinunua mashine, tatizo la unyevu limekwisha"

Kama maji yanatoka kwenye pumzi na sufuria, sawa. Kama yanatoka kwenye gata lililoziba, paa linalovuja au bomba lililopasuka, utakausha mpaka mkataba uishe na ukuta utabaki umelowa. Dalili yake ni doa lenye mpaka wake, linalokua mvua ikinyesha. Hilo ni la mwenye nyumba kurekebisha.

Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, wenye nyumba za kijamii England (za kupangishwa kwa bei nafuu), zikiwemo za halmashauri, wanabanwa na Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la mtoto Awaab Ishak wa Rochdale aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka miwili kutokana na ukungu. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na hatari nyingine kubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Wakikuletea mashine badala ya fundi, ipokee, lakini chomeka kipimia umeme kwenye soketi, andika yuniti na tarehe, piga picha ya doa, na uviambatanishe vyote kwenye barua ya kudai gharama.