Zima Kinanda, Anza na Besi

Kwaya zetu nyingi za sekondari hujifunza wimbo kwa utaratibu uleule wa kanisani: mwalimu anapiga kinanda, soprano wanashika wimbo, sauti nyingine zinafuata. Nikifundisha nyimbo za Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, kinanda nakizima na besi ndio wanaoanza.

Huko watu huimba kwa sauti tatu. Upande wa mashariki, Kakheti, besi wote hushika noti moja ndefu huku waimbaji wawili wakipokezana juu yake. Magharibi, Guria, kila sauti hushika njia yake, na ile ya juu hurukaruka kati ya sauti nzito ya kifua na nyembamba ya kichwa. Wenyewe huiita krimanchuli. Isitoshe, nafasi kati ya noti zao hazilingani na za kinanda. Ukikipiga, unafundisha wimbo mwingine.

Kazi kubwa ni noti jirani kugongana, do na re zikiimbwa kwa pamoja. Mwanafunzi akisikia hivyo hudhani amekosea, basi anateleza polepole hadi kwa mwenzake. Nawasimamisha wawili wawili, uso kwa uso. Wote wanaanza do, kisha mmoja anapanda re na kubaki hapo. Wasikilize ule mtetemo, wasiukimbie. Watacheka, waache wacheke. Besi nao wanajifunza kupokezana pumzi: usivute pumzi pamoja na jirani yako, noti isije ikakatika.

Chakrulo, wimbo wa Kakheti uliorushwa angani mwaka 1977 katika santuri za vyombo vya anga vya Voyager, nawasikilizisha tu. Kuuimba ni kazi ya watu wazima waliokomaa, na mimi sipendi kwaya ya shule ijitutumue.

Mwenye wanafunzi kutoka Dodoma ana bahati. Ilimba ya Wagogo, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo haikubaliani na kinanda, kwa hiyo aliyekua akiisikia hashtuki. Mwombe awafundishe wenzake wimbo wa kwao kwanza, ndipo mwende Georgia.

Kuhusu maneno, irabu zao ni tano kama zetu. Kinachofunga ulimi ni konsonanti zilizorundikana, hata nne kwa mpigo. Ndiyo maana huanza na nyimbo zenye viitikio visivyo na maana, ambazo wanazo tele. Mashairi yenyewe nayaacha hadi muhula wa pili.