Kwa nini leza ya faiba haijengewi ndani ya swichi?

Fungua kabati la mtandao la chuo au benki. Pembeni mwa swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, utakuta matundu ya mraba yaliyo matupu, yasiyoingia waya wa kawaida. Mashine ya bei kubwa hivyo, mbona imeletwa na matundu wazi?

Matundu hayo husubiri moduli ya SFP, kipande cha chuma chenye urefu wa karibu sentimita 6. Ndani mna leza ndogo na kipokea mwanga. Swichi inajua umeme, faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, inapitisha mwanga, na moduli ndiyo mkalimani wao. Aina ya SFP+ hutafsiri biti bilioni 10 kila sekunde, kwenda na kurudi.

Kiwanda kilichotengeneza swichi hakijui faiba yako inakwenda wapi. Kama seva iko chumba hichohicho, yatosha leza nafuu ya nanomita 850 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake), ambayo kwa kasi hiyo hufika mita 300 hivi kwenye faiba nzuri. Kama jengo la pili liko kilomita 10, unahitaji leza ya nanomita 1310 na faiba yenye kiini, yaani njia ya mwanga katikati yake, cha mikroni 9. Kila tundu lingewekewa leza ya masafa marefu, ungelipia nauli ya safari usiyokwenda.

Tena leza huchoka. Ikifa, fundi huvuta kishikio kidogo, mara nyingi cheusi kwa 850 na cha buluu kwa 1310. Moduli hutoka ikiwa bado na joto, nyingine huingia kwa mlio wa "tk", na swichi haijazimwa hata sekunde moja.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba kampuni zinazoshindana sokoni ziliketi zikakubaliana vipimo vya kipande hiki, ndiyo maana moduli ya huyu huingia kwenye tundu la yule. Kwa bahati mbaya, baadhi ya swichi husoma jina la mtengenezaji kwenye kumbukumbu ya moduli, kisha huikataa ikiwa si ya kwao. Naona huko ni kumnyima mnunuzi haki yake.

Na usitupe kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa moduli. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko kiini cha mikroni 9, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inaweza kuziba njia yote. Usichungulie tunduni kutafuta vumbi hilo: mwanga wa nanomita 1310 hauonekani kwa macho, lakini ni leza. Chomoa faiba, pangusa ncha yake, ndipo uchomeke.