Je, wajua? Klasta ya utafutaji yaweza kuwa ya kijani na bado ikajikokota

Elasticsearch, injini ya utafutaji ambayo kampuni nyingi huikodi kwenye wingu, hutangaza hali ya klasta yake, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, kwa rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Wengi wakiona kijani huamini kila kitu kiko shwari, na mteja akilalamika kwamba utafutaji ni mzito, lawama huangukia intaneti yake.

Sivyo. Rangi haisemi lolote kuhusu kasi. Data hukatwa vipande, na kila kipande huweza kuwa na nakala kwenye seva nyingine. Kijani maana yake ni kwamba vipande na nakala zote vimepangiwa seva, basi. Njano: vipande vya msingi vipo, ila kuna nakala isiyo na pa kukaa. Nyekundu: kuna kipande cha msingi kinachokosekana. Ndiyo maana klasta ya seva moja iliyoagizwa kutunza nakala hubaki ya njano siku zote, kwa kuwa nakala hairuhusiwi kukaa seva moja na kipande chake, na bado yaweza kujibu upesi kuliko jirani yake wa kijani.

Ugumu uko kwenye mgawanyo wenyewe. Chukua mwekahazina wa kamati ya harusi anayetuma vijana 20 kukusanya michango nyumba 20. Vijana 19 warudi baada ya dakika kumi. Mmoja akute mwenye nyumba yuko msalani. Jumla haitangazwi mpaka huyo arejee, na wale 19 hawawezi kumsaidia kwa lolote. Utafutaji nao ni hivyo: seva inayopokea ombi hulisambaza kwa vipande vyote, kisha husubiri.

Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google waliliandikia jambo hili hesabu mwaka 2013. Seva ikichelewa mara 1 tu kati ya 100, ombi linalopitia seva 100 lina uwezekano wa asilimia 63 wa kuchelewa. Kwa seva 20 ni kama asilimia 18. (Hesabu hii huchukulia kila seva huchelewa kivyake, seva zinazokaa kwenye mashine moja ya wingu huenda zikaelemewa pamoja, na hapo tarakimu hubadilika.) Wastani wa kila seva, wakati wote huo, unapendeza.

Kwa hiyo ufuatiliaji huanzia kwenye programu inayouliza. Humo huwekwa ajenti, kiprogramu cha upimaji, anayekipatia kila ombi kitambulisho na kupima kila hatua yake. Kwenye dashibodi, tazama muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauvuki. Kisha ulinganishe na "took", milisekunde ambazo Elasticsearch hujihesabia katika jibu lake: haimo safari ya jibu kurudi kwa programu. Ajenti akisema 900 na "took" ikasema 40, usiguse klasta; tafuta kwingine. Zikikaribiana, washa kumbukumbu za maswali ya polepole. Hizo hupima kipande kimojakimoja, na huja zikiwa zimezimwa.

Vipimo vyote hivyo vitunzwe klasta nyingine, kama Elastic, kampuni inayotengeneza Elasticsearch, wenyewe wanavyoshauri. Vikikaa humohumo, klasta ikilemewa grafu hukatika pia, na hutajua kijana gani alichelewa.