"Ngoja kwanza nipungue ndo nije": dhana potofu kuhusu madarasa ya mazoezi ya kikundi

Wiki hii nimeipata tena ile meseji. "Mwalimu habari, nimeona darasa lenu la zumba nimelipenda sana, ila ngoja kwanza nijifanyie mazoezi kidogo nyumbani nipungue, nikishakuwa fiti ntakuja." Nafundisha mazoezi ya kikundi hapa Dar, zumba (mazoezi ya kucheza muziki), stepu (kupanda na kushuka boksi kwa muziki) na baiskeli za ndani, na hakuna kauli ninayoisikia kama hii, kuanzia mabinti wa chuo mpaka kinamama wa rika la mama yangu, na inaniumiza kwasababu wengi wao hawaji tena. Mwaka unaisha mwingine unaingia, ukikutana nae sokoni anakwambia mwalimu bado najiandaa. Unajiandaa na nini mama? Hakuna anayefua nguo kwanza ndo azipeleke kwa dobi.

Naomba hili tulimalize kabisa. Mwalimu aliyesomea kazi yake haandai darasa la watu fiti peke yao, kila zoezi analiandaa kwa ngazi, na wote mnalifanya kwa muziki mmoja kwa wakati mmoja. Chukua skwati. Yule wa mbele aliyezoea anachuchumaa na kuruka, wa pembeni yake anachuchumaa na kuinuka bila kuruka, na yule aliyekuja leo kwa mara ya kwanza anachuchumaa nusu tu, au anawekewa kiti nyuma anakaa na kuinuka, anakaa na kuinuka. Wote watatu wamefanya skwati na wote watatu mapaja yanawaka moto. Kwahiyo unaponiambia unasubiri uwe fiti ili uweze kufuata darasa, unasubiri kitu ambacho darasa lenyewe ndo linakupa.

Afu hata hayo maandalizi yenyewe hayakuandai vile unavyodhani. Mwili unakuwa fiti kwa kile unachoufanyisha. Napata watu wa jogging klabu kabisa, wale wa kila wikiendi alfajiri Coco Beach, pumzi wanayo, miguu wanayo, na wakiingia kwenye zumba siku ya kwanza wanapotea kama mtu mwingine yeyote, kwasababu kukimbia unakwenda mbele tu, zumba unakwenda kushoto kulia, unageuka, unazungusha nyonga, na mikono ina mambo yake. Wiki zile za mwanzo za zoezi lolote jipya, sehemu kubwa ya nafuu unayoiona haitokani na misuli kukua, ni ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuiita misuli sahihi kwa wakati sahihi. Hilo somo huwezi kulisomea nyumbani kwa kuruka kamba. Linapatikana kwa kufanya kitu chenyewe, ukikosea na kurudia.

Na kukosea kwenyewe hakudumu kama unavyoogopa, kwasababu kuna mpangilio ambao watu hawauoni. Muziki wa darasa tunauhesabu kwa nane nane, nane nne zinafanya 32, na hatua zinapangwa kufuata hizo hesabu. Kiitikio kikirudi na hatua za kiitikio zinarudi zilezile. Kwenye zumba midundo mikuu ya msingi ni minne tu, salsa, merenge, kumbia na regetoni, na merenge ukiitazama vizuri ni kupiga maki taim pale ulipo huku nyonga zinafuata. Kwahiyo kiitikio cha kwanza utapotea, cha pili utashika miguu, cha tatu unacheza. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila mtu ninayemuona.

Cha kufanya siku ya kwanza: angalia miguu ya mwalimu tu. Mikono iache kabisa, iweke kiunoni ukitaka, hakuna atakayekuuliza. Miguu ikikubali, nyonga zinakuja zenyewe, mikono ndo iwe ya mwisho. Anayeanza akitaka kushika miguu na mikono kwa pamoja ndo yule anayeganda katikati ya wimbo anabaki amesimama.

Na jamani, acheni kujificha mstari wa nyuma kabisa! Hili nalisema kila siku. Mgeni anaingia, anakimbilia kona ya nyuma karibu na mlango, anajiona yuko salama. Wimbo ukifika pale pa kugeuka, darasa zima linageuka, na yeye aliyekuwa wa mwisho sasa ndo wa mbele, hamuoni mwalimu, hamuoni mtu wa kumfuata, ana ukuta tu. Hapo ndo hofu inapoanza. Simama mstari wa pili au wa tatu, pembeni kidogo, mbele yako awepo mtu anayezijua hatua na pembeni yako pia awepo, ili kokote mtakakogeuka una wa kumtazama. Fika dakika kumi kabla, mwambie mwalimu ni siku yako ya kwanza na una goti au mgongo au presha, atakupanga. Ukiingia darasa limeshaanza umekosa kupasha misuli moto na umemnyima mwalimu nafasi ya kukujua.

"Watu wataniangalia." Dada yangu, mimi nasimama mbele nawaona wote usoni. Macho yao yapo kwa mwalimu, au kwenye kioo wanajitazama wenyewe, na wimbo wa tatu kila mtu anahangaika na pumzi yake. Hayupo wa kuhesabu makosa yako.

Kuhusu ukali, kipimo unacho mdomoni. Ukiweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba, hapo ni wastani, na kwa anayeanza hapo panatosha sana. Ukiona unatoa maneno mawili matatu unahema, punguza. Ila usisimame ghafla wala usikae chini papohapo, kwasababu damu imejaa miguuni na misuli iliyokuwa inaisukuma kurudi juu imesimama, ndo maana watu wanapata kizunguzungu. Endelea kupiga hatua palepale taratibu mpaka pumzi irudi, kunywa maji, afu ungana tena na wenzako. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli, na wanasema wazi kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna. Darasa moja la saa nzima kwa wiki kwa mtu aliyekuwa anakaa tu ofisini na kwenye foleni ya Mwenge ni kitu kikubwa, usikidharau.

Hizo dhana nyingine potofu nazipitia haraka haraka ila kuna moja ntasimama nayo kwasababu ni ya hatari.

Jasho. "Leo sijatoka jasho sana, mazoezi hayajafanya kazi." Jasho ni maji na chumvi, kazi yake kuupoza mwili, mafuta hayatoki kwa jasho. Ukijipima baada ya darasa ukakuta umepungua kilo, ni maji hayo, lita moja ni kilo moja, ukinywa inarudi. Na wale wanaojifunga nailoni tumboni au kuvaa sweta juu ya fulana ili kitambi kiyeyuke, kwa joto hili la Dar la mwezi wa pili na unyevu huu, tafadhali acheni. Jasho linapoza likikauka kwenye ngozi, ukilifungia ndani halikauki, mwili unazidi kupata moto, na mimi ndo ntakaekuja kukumwagia maji sakafuni. Tumbo nalo halichagui, huwezi kuunguza mafuta ya sehemu moja kwa kuifunga au kwa kupiga sitapu (kulala chali na kuinua kifua) mia. Vaa fulana nyepesi, basi.

"Nisipoumwa kesho yake sijafanya kitu", na pacha wake, "niliumwa sana siku ya pili nikaona mazoezi yale siyo ya mwili wangu". Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya ni kawaida, yanaanza kesho yake na kilele chake huwa kati ya siku ya kwanza na ya tatu, afu yanaisha. Siyo asidi iliyoganda kwenye misuli kama mnavyoambiana, hiyo asidi, inaitwa laktiki, inaondoka muda mfupi tu baada ya darasa. Ni misuli imefanya kazi ambayo haijaizoea, hasa zile za kushuka taratibu kama skwati na kushuka ngazi. Darasa la pili la namna ileile halitauma kama la kwanza. Kwahiyo yule aliyekimbia baada ya siku moja amelipa gharama yote ya mwanzo afu akaondoka bila kuchukua mzigo.

Sasa kwenye hili la maumivu ndo kuna ile ya hatari, na inawapata hata vijana wenye nguvu, siku ya kwanza ya baiskeli za ndani. Anaingia, anaona wengine wamekaza baiskeli pedeli ziwe nzito, na yeye anakaza, mwalimu akisema ongeza anaongeza, hataki kuachwa na dada wa pembeni, dakika 45 nzima yuko juu ya pedeli. Mapaja ni misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Ukiyaunguza namna hiyo bila mazoea, misuli inaweza kuvunjika na kumwaga vilivyomo kwenye damu na figo zikaelemewa. Madaktari wamewahi kuripoti wagonjwa wa hivi waliotoka kwenye darasa lao la kwanza kabisa la baiskeli, na baadhi yao walikuwa vijana wenye afya. Dalili ni mapaja kuvimba na kuuma kupita kawaida, miguu kukosa nguvu, na mkojo kuwa wa kahawia kama chai ya rangi. Ukiona mkojo huo usinywe dawa ya maumivu ukalala, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kuepuka ni rahisi: siku ya kwanza kaza kidogo tu, kiasi miguu isizunguke bure, kaa kwenye siti muda mwingi, na ukiona inatosha nusu saa shuka, darasani kwangu hakuna anayezuiwa kushuka. Siti iweke usawa wa mfupa wa nyonga ukiwa umesimama pembeni ya baiskeli, pedeli ikifika chini goti libaki limekunjika kidogo. Wengi wanaolalamika magoti baada ya baiskeli siti yao ilikuwa chini mno.

"Mimi sijui kucheza, zumba siyo yangu." Zumba ilianzia Cali, Kolombia, miaka ya 1990, mwalimu wa erobiki aitwaye Beto Pérez alisahau kanda zake za muziki wa darasa, akapiga kanda zake mwenyewe za salsa na merenge, akaenda hivohivo. Waliokuwa mbele yake walikuja kufanya erobiki, hawakuja kwenye mashindano ya dansi.

"Ni mambo ya kike." Huyo Beto ni mwanaume, Joseph Pilates aliyeanzisha mazoezi ya pilates ni mwanaume, na Johnny Goldberg aliyeleta spini, hizi baiskeli za ndani, ni mwanaume pia. Kaka zangu mnaosimama dirishani mnachungulia, ingieni. Na kinadada mnaosita kwasababu ya stara, ulizieni, sehemu nyingi sasa zina vipindi vya kinamama peke yao na mwalimu mwanamke, na hijabu haizuii hatua hata moja.

"Nikibeba dambeli (vile vyuma vidogo vya mkononi) ntakuwa na misuli kama mwanaume." Homoni inayokuza misuli hivyo mwanaume anayo mara 10 na zaidi ya kwako. Dambeli za kilo mbili tatu za darasani zitakupa mifupa na mgongo imara. Beba.

"Nataka tabata ya dakika nne tu, nimeona kwenye simu inatosha." Utafiti wa Profesa Izumi Tabata wa Japani wa 1996, ambao ndo mazoezi hayo yalikopata jina, ulifanywa kwa vijana wanamichezo, sekunde 20 za kazi kwa nguvu zote na 10 za kupumzika, na walikuwa wanapasha misuli moto kabla. Ile nguvu zote yao mtu anayeanza hana, na hatakiwi kuitafuta mwezi wa kwanza.

Magoti na stepu. Watu wanakimbia lile boksi wakiliona tu, wakati aliyeisambaza stepu, Gin Miller wa Marekani, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa anauguza goti lake kwa kupanda na kushuka ngazi. Anza na boksi tupu la sentimita 10 bila kuongezea vile vipande vya chini vya kulinyanyua, kanyaga na unyayo mzima, kisigino kisining'inie. Viatu je? Raba za kukimbilia zenye meno marefu chini zinang'ang'ania sakafu ukigeuka, mguu unabaki goti linazunguka, kwahiyo kwenye zumba vaa zenye soli ya kutelezateleza kidogo na inua kisigino unapogeuka.

Kuja bila kula kabisa ili upungue haraka, hapana. Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla, ndizi inatosha. Anayetumia dawa za sukari hasa ya sindano hili ni la lazima, sukari inaweza kushuka ukiwa katikati ya darasa, na uje na kitu kitamu kwenye begi. Mjamzito ambaye daktari au mkunga hajamkataza anaruhusiwa mazoezi ya wastani, bila kuruka na bila kulalia mgongo muda mrefu miezi ikishasogea, ila aniambie kabla, asisubiri mpaka nione mwenyewe. Na mwenye kifua kinachobana au aliyewahi kuzimia akiwa kwenye mazoezi, huyo ndo pekee ninayemwambia asubiri, apite kwanza hospitali, wengine wote nawaona Jumanne jioni.